Shelfu Haivunjiki, Inalala

Maneno haya niliyasema Jumamosi hapa Masasi, mbele ya wenye maduka ya pembejeo, vifaa vya ujenzi na vipuri. Wengine walikuwa njiani Newala na Tandahimba kufuata mzigo, wakaniomba niwaandikie. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuongeza kitu.

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wenye maduka. Nilipopigiwa simu nije kuzungumza hapa nilidhani wamekosea namba. Fundi wa kuchomelea atawaambia nini watu wa biashara? Mimi faida na hasara naziona kwenye uso wa mteja tu. Lakini stoo zenu nazijua. Mnaniita nitengeneze geti, nitengeneze nondo za dirisha, na nikishaingia macho yangu hayaangalii geti tena, yanaangalia shelfu. Kuna stoo nimetoka kwa kasi kuliko nilivyoingia. Mnacheka, lakini mwenye stoo hiyo yupo humu na anajijua.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Nikisema shelfu, nasema chombo kizima. Nikisema rafu, nasema lile bati moja unalopangia mzigo. Miguu ni zile engo nne, vyuma vya umbo la L, zenye matundu. Nazungumzia shelfu zile za bei nafuu zinazotoka Kariakoo zimefungwa kwenye boksi, rafu tano, urefu sentimita 180, upana 90, kina 40. Tunazo wote. Mimi mwenyewe ninazo sita.

Sasa nawauliza. Shelfu ikishindwa mzigo, kinachoshindwa ni nini?

Nimesikia "bati". Huyu naye kasema bati. Mama pale nyuma kasema bolti. Haya, nawasimulia yaliyonikuta mimi, halafu mtaniambia kama bado ni bati.

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijabaki na kazi ya kuchomelea peke yake, nilikuwa na duka dogo la vifaa vya ujenzi pale Mtwara mjini. Nilinunua shelfu mbili. Mpwa wangu akazifunga mchana mmoja, nikamsifu. Rafu za juu nikapanga ndoo za rangi za lita 20, rafu za kati boksi za misumari, chini nikaacha vitu vyepesi kwa sababu sakafu ilikuwa inapata maji mvua ikinyesha. Mabati yalibonyea kidogo. Nikasema, ehee, hapa ndipo penye hatari. Nikanunua marini bodi, zile mbao nene za plaiwudi, nikakata, nikalaza juu ya kila rafu. Yakanyooka. Nikafurahi, nikaongeza mzigo.

Usiku wa wiki ya tatu tukasikia kishindo. Tulidhani lori limegonga ukuta. Nikafungua mlango, nikawasha tochi. Rangi nyeupe ilikuwa imefika mpaka kizingitini.

Asubuhi nikaanza kuokota. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mabati yote yalikuwa mazima. Marini bodi nzima. Sikukuta rafu hata moja iliyokatika. Miguu yote minne ilikuwa imelala upande mmoja, sambamba, kama fito za uzio uliosukumwa na ng'ombe. Shelfu haikuvunjika. Ililala. Nilipoinua macho nikaona juu ya dirisha kifuko cha nailoni, hakijafunguliwa. Ndani yake vipande vidogo vya bati vya pembetatu, vyenye matundu matatu matatu. Vile vya kufunga kwenye kona. Mpwa wangu alidhani ni vya akiba.

Ni wangapi humu ndani mnacho kifuko hicho nyumbani, hakijafunguliwa? Inueni mikono. Msione haya. Mnaona? Nusu ya ukumbi.

Kwa hiyo narudia. Shelfu haivunjiki, inalala. Tunahangaika na bati kwa sababu bati ndilo tunaloliona likibonyea. Tukiliimarisha bati na kuiacha miguu vilevile, tumejipa ruhusa ya kuongeza mzigo kwenye kitu ambacho kilikuwa tayari kimechoka. Mimi ile marini bodi ndiyo iliyoniangusha. Isingekuwepo, bati lingebonyea, ningeogopa, ningepunguza ndoo.

Kwa nini inalala? Chukua fito nne, zifunge kwa kamba kwenye ncha upate mraba. Sukuma kona moja. Unalala. Chukua fito tatu, funga pembetatu. Sukuma. Hausogei mpaka fito ivunjike au kamba ikatike. Fundi wa paa analijua hili, ndiyo maana kwenye kenchi anaweka mbao za mshazari, na hakuna mwenye nyumba anayemwambia azipunguze ili kuokoa hela. Sasa shelfu ina mraba mgongoni, mraba ubavuni kulia, mraba ubavuni kushoto. Miraba mitatu mirefu, imeshikwa na bolti ndogo kama kidole cha mtoto. Vile vipembetatu vya kwenye kifuko vinasaidia, vifungeni leo. Kwa mzigo mzito havitoshi.

Kinachotosha ni flatibaa, kile chuma bapa kirefu. Ile ya milimita 25 kwa 3, inayouzwa kwa jina la futi ishirini, lakini ukipima unaweza kukuta mita 6 kamili au kasoro kidogo, pimeni kabla hamjalipa. Unafunga msalaba, alama ya X, mgongoni, kutoka kona ya juu kulia hadi kona ya chini kushoto, na nyingine kinyume chake. Halafu X kila ubavu. Kwa nini X na si mshazari mmoja? Kwa sababu flatibaa ni nyembamba, ukiivuta ina nguvu kama ng'ombe, ukiisukuma inajikunja. Shelfu ikitaka kulala kulia, mmoja unavuta. Ikitaka kulala kushoto, mwenzake anavuta.

Mama mmoja kaniuliza nje kabla hatujaanza: "Fundi, si utatumaliza kwa gharama?" Mama yangu, tufanye hesabu pamoja. Shelfu yako ina urefu wa sentimita 180 na upana 90. Kona kwa kona mgongoni ni sentimita 201. Ubavuni, 180 kwa 40, kona kwa kona ni 184. Mgongoni unahitaji vipande viwili vya 201. Mbavuni vipande vinne vya 184. Flatibaa ya kwanza kata 201, 201 na 184, jumla 586. Ya pili kata 184 mara tatu, jumla 552. Flatibaa mbili za mita 6, basi. Shelfu nzima. Bei yake mnaijua kuliko mimi, ninyi ndio mnaotuuzia.

Lakini usifunge hovyo. Kabla ya kukaza, chukua futi upime kona kwa kona, mishazari yote miwili ya mgongoni. Ikilingana, shelfu iko mraba. Isipolingana, sukuma mpaka ilingane. Ni kilekile anachofanya fundi akiweka msingi wa nyumba kwa kamba. Kisha timazi kwenye mguu wa mbele, timazi kwenye mguu wa nyuma. Ukifunga X kwenye shelfu iliyopinda, umeupa upinde huo hati ya kudumu.

Na nati. Weka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, kila upande, nati ikazwe kwa spana, si kwa koleo. Ukishapakia mzigo, baada ya wiki moja rudi na spana. Utakuta nati kadhaa zinazunguka kwa vidole. Mzigo unapokaa, chuma kinajipanga, bolti inapata nafasi. Ukikaza mara hiyo ya pili, imekaa.

Hapa niseme jambo la pembeni kidogo, mwenyekiti nisamehe. Ile engo yenye matundu hatukuibuni sisi wala Wachina. Kuna bwana mmoja aliyeitwa Demetrius Comino, mtoto wa Wagiriki waliohamia Australia, injinia, alikuwa na kiwanda cha uchapaji London. Akachoka kila mara kutengeneza meza na rafu za karakana, leo hivi, kesho vile, na chuma kinatupwa. Akawaza chuma kitobolewe matundu mapema, mtu akikate na kukifunga apendavyo, akichoka akifungue. Mwaka 1947 akaanza kuiuza kwa jina la Dexion. Namheshimu sana mzee huyo kwa sababu alikuwa mvivu kwa akili. Ila alichotuachia ni chuma cha kujengea. Boksi la Kariakoo limetuletea matundu yake, unene ukabaki njiani.

Naomba sasa kijana mmoja mwenye mkono mwepesi aje hapa mbele. Karibu. Shika rula hii ya plastiki, ya sentimita 30, ile ya mwanafunzi. Isimamishe mezani, ibonyeze kwa kiganja kutoka juu. Mnaona? Imetoka tumbo mara moja, na hajatumia nguvu. Sasa mjomba, njoo uishike katikati kwa vidole viwili tu, usiiache iende pembeni. Kijana bonyeza tena. Bonyeza. Zaidi! Mnaona anavyokunja uso? Rula ni ileile.

Mswisi mmoja, Leonhard Euler, aliiandika hesabu ya jambo hili mwaka 1744. Nguzo nyembamba ukiipunguzia nusu ya urefu usioshikwa, inabeba mara nne kabla ya kutoka tumbo. Si mara mbili. Mara nne. Na ukiuongeza urefu huo mara mbili, inabaki robo.

Mnaona ninakokwenda? Rafu ya katikati ya shelfu yako inafanya kazi mbili. Inabeba mzigo, na inashika mguu katikati, kama mjomba alivyoshika rula.

Kuna mama mmoja huko juu uwanda wa Makonde, simtaji, ana duka la pembejeo. Aliniita baada ya jambo kutokea. Alikuwa anataka kusimamisha mapipa ya plastiki chini ya shelfu. Rafu ya pili kutoka chini ikamzuia, akaitoa. Kitu gani? Bolti nane tu. Nafasi iliyokuwa sentimita 43 ikawa 86. Juu akapanga salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mifuko ya kilo 25, minne kila rafu, kilo 100. Boksi lilisema kila rafu inabeba kilo 175, kwa hiyo alikuwa na haki ya kutulia. Siku mbili ilisimama. Siku ya tatu miguu ya mbele ikatoka tumbo kwa nje pale chini palipoachwa wazi, mifuko ikamwagika, na stoo nzima ikawa ya njano. Kwa bahati alikuwa nje anapokea simu.

Lile boksi halikusema uongo wote. Kilo 175 ni za mzigo uliotandazwa sawa rafu nzima, sakafu iliyonyooka, shelfu imefungwa kamili na rafu zake zote. Ukitoa rafu, umeitoa ahadi. Halafu piga hesabu ambayo boksi halikupigii: kilo 175 mara rafu tano ni kilo 875. Hiyo inakaribia gari dogo, Vitz. Kila mguu unabeba karibu kilo 219. Ukiuangalia ule mguu, ile engo ya bati, ungemkabidhi robo ya Vitz?

Kwa hiyo usitoe rafu. Kama ni lazima utoe, fanya hivi. Mgongoni na mbavuni, pale rafu ilipokuwa, funga mkanda wa engo. Mbele huwezi kufunga maana ndipo unapopitishia pipa. Basi mguu wa mbele uongezewe nyama. Chukua mbao ya inchi 2 kwa 2, mninga au mkongo, nyoofu, uiingize ndani ya kona ya engo kutoka sakafuni mpaka chini ya rafu iliyo juu ya nafasi hiyo, ikate ibane kabisa, kisha ipige skrubu kupitia matundu ya engo kila baada ya sentimita 20 au 30. Mbao ibane juu na iguse chini, mzigo ushuke kwa mbao. Ikielea hata nusu sentimita, umepamba tu. Na ipake dawa ya mchwa. Sihitaji kuwaeleza watu wa Masasi habari za mchwa.

Mzigo mzito ukae chini, mwepesi juu. Hili mnalijua, nami nililijua, nikaweka rangi juu kwa kuogopa maji. Dawa ya maji ni kuinua shelfu nzima juu ya tofali au chaga. Na gunia la korosho halikuumbiwa shelfu. Liweke kwenye chaga, sakafuni, achana nalo.

Ukuta. Shelfu ya urefu wa 180 yenye kina cha 40 ni ndefu zaidi ya mara nne ya kina chake. Mtoto akipanda kufuata pipi, inamfuata. Ifungeni ukutani juu, sehemu mbili, kwa bolti za kutanuka, ziingie kwenye tofali lenyewe. Plasta haishiki kitu, na tofali la tope usilitegemee. Kama ukuta ni wa tope, weka shelfu mbili mgongo kwa mgongo, zifunge pamoja juu, katikati na chini. Kina kinakuwa 80. Zinashikana kama wazee wawili wanaotoka msikitini.

Bati lenyewe nalipitia haraka, maana mnalipenda sana. Marini bodi iliyolazwa inasaidia kutandaza mzigo. Kama unataka kuzuia kubonyea, weka mbao ya inchi 2 kwa 3 chini ya rafu, imesimama kwa ubavu wake. Simamisha ile rula kwa ubavu uone kama utaipinda. Hilo tu.

Sasa kutu.

Ninyi wa Masasi mtasema fundi huyu kaleta habari za pwani. Ni kweli, sisi wa Mtwara na Mikindani tunakula kutu na samaki. Nilikuwa na mteja karibu na maji pale Mikindani, shelfu yake kwa macho ilikuwa inang'aa, kijivu safi. Nikainama nikautoa ule mguu kwenye kiatu chake cha plastiki. Ndani ya kiatu kulikuwa na maji ya kupigia deki, ya siku zote, na mguu ulikuwa umebaki kama ganda la kitunguu. Nikauchoma kwa bisibisi, ikapita bila kuuliza. Sentimita 5 za mwisho za kila mguu zilikuwa zimekwisha, na juu yake alipanga madumu ya mafuta ya lita 20, kila dumu kilo 18 na zaidi.

Lakini ninyi mna salfa. Mikorosho inapokaribia kupuliziwa, stoo zenu zinajaa salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na mifuko mingine imepasuka. Vumbi la salfa likikutana na unyevu kwenye chuma, taratibu linazaa tindikali. Halihitaji bahari. Nimekuta Masasi hapa bolti zilizoliwa kuliko za Mikindani. Kwa hiyo viatu vya plastiki vitoeni. Wekeni kibao cha chuma cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 5, chini ya kila mguu, kimefungwa kwa bolti au kimechomelewa kabla ya kupakwa rangi. Kinazuia mguu usizame kwenye sakafu mbovu na kinauinua kutoka kwenye maji ya deki. Kila ulipokata na kila ulipotoboa, zinki imeondoka, paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Na vumbi la salfa lifagieni kwa ufagio mkavu. Msilipige deki.

Kuna swali lilitumwa kwa karatasi, nalisoma: "Fundi, kwa nini usichomelee tu kona zote tukamaliza?"

Mwandishi wa karatasi hii anataka kunipa kazi, nashukuru. Lakini bati la shelfu hizi halifiki milimita moja. Nikiligusa na waya wa kawaida wa milimita 2.5 natoboa tundu. Fundi mzuri ataweza kwa waya mwembamba na mkono mwepesi, lakini joto linachoma zinki pande zote za ungio, kutu inaanzia hapohapo. Na moshi wa zinki una homa yake. Nimeipata, ukilala unatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi umepona. Tena shelfu iliyochomelewa huwezi kuihamisha, na ninyi kila msimu mnahamisha. Chomelea vibao vya chini. Kwingine kote bolti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sitaki kuwachosha, tutoke nje. Pale chini ya mwembe nimesimamisha shelfu mbili kutoka boksi moja, kila moja ina mifuko mitatu ya saruji kwenye rafu ya chini. Moja ina flatibaa zake mbili, nyingine haina hata kipande cha flatibaa, na kile kifuko cha vipembetatu nimekining'iniza juu yake kikiwa kimefungwa. Nataka yule mama aliyesema bolti awe wa kwanza kuisukuma hiyo isiyo na flatibaa, kwa kidole kimoja. Watoto wakae upande wa ukuta.